PEG-100 stiareti kwenye losheni: ni sumu, inachafua mazingira, au inaonewa tu?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mi natengeneza losheni kidogo kidogo za kuuza, emalsifaya ninayotumia ni ule mchanganyiko wa gliserili stiareti na PEG-100 stiareti. Juzi mteja kanirudishia chupa, anasema PEG inatokana na petroli, inaleta kansa na ikifika mtoni haiozi. Ananiambia nitumie nta ya nyuki kama watu wa zamani. Nibadilishe au niendelee tu? Na kama kweli inaharibu mazingira, mbadala wake ni nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza usitupe kitu chochote, pili usimdharau huyo mteja, maana kwenye petroli amepatia kuliko hata anavyojua mwenyewe, kwenye kansa kachanganya kiwanda na chupa, na kwenye mto yuko nusu kwa nusu. Kwenye nta ya nyuki ndo kapotea kabisa lakini hilo tutalifikia.

Tuanze na kazi yenyewe inayofanywa na hiyo PEG-100 stiareti (PEG ni kifupi cha polietilini glaikoli), kwasababu watu wengi wanabishana kuhusu emalsifaya bila kujua ingetolewa kingetokea nini. Losheni ya kawaida ukiipima gramu 100, maji ni kama 70 hadi 80, mafuta ya aina zote labda 10 hadi 20, na emalsifaya ni 3 hadi 5 tu. Ukipiga maji na mafuta kwa blenda bila emalsifaya unapata kitu cheupe kizuri cha dakika chache, alafu vitone vya mafuta vinaanza kugusana, vinaungana, vinakuwa vikubwa, vinapanda juu, mwisho una tabaka mbili kama ulivyoanza. Sasa molekuli ya emalsifaya ina upande mmoja unaopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwahiyo inaenda kukaa pale pale kwenye mpaka, mkia umezama ndani ya kitone na kichwa kimebaki nje kwenye maji. Vitone vyenyewe ni vidogo sana, mara nyingi kati ya maikromita 1 na 10, ukijumlisha ngozi ya vitone vyote kwenye chupa moja ni eneo kubwa ajabu, na lote hilo linatakiwa kufunikwa na zile gramu 3 au 5. Ndo maana emalsifaya mbovu haina pa kujificha.

Mwaka 1949 mkemia wa Marekani anaitwa William Griffin, alikuwa na kampuni ya Atlas Powder, alikuja na kipimo kinaitwa HLB, yani uzani kati ya upande wa maji na upande wa mafuta, kinatoka 0 mpaka 20. Cha chini, kama 3 hadi 6, kinakupa maji ndani ya mafuta, ile krimu nzito inayoteleza. Cha juu, kama 8 hadi 16, kinakupa mafuta ndani ya maji, ndo losheni yako. PEG-100 stiareti peke yake iko karibu 19, inapenda maji kupita kiasi. Gliserili stiareti iko karibu 4. Ukizichanganya karibu nusu kwa nusu unapata kama 11, na siri nyingine ni kwamba zikiwa mbili zinajibana vizuri kwenye mpaka wa kitone, ile nyembamba inaziba mapengo ya ile nene. Hii pea imekuwepo miongo mingi na inapendwa kwasababu haisumbui: ukiweka asidi kidogo inavumilia, ukiweka chumvi kidogo inavumilia, ukikosea joto kidogo inakusamehe. Nakwambia hivi ili ujue unachoacha ukiamua kuacha.

Haya, petroli. Jina PEG-100 stiareti linadanganya kidogo, ukisikia stiareti unafikiria mafuta ya mmea, na sapulaya wengi wanaandika "imetokana na mimea" wakimaanisha huo mkia tu. Hebu tupige hesabu. Asidi ya steariki ina uzito wa molekuli kama 284. Upande wa maji, ndo PEG yenyewe, ni mnyororo wa vipande kama 100 vya etilini oksaidi, kila kimoja uzito 44, jumla 4,400. Yani zaidi ya asilimia 90 ya hiyo molekuli ni etilini oksaidi, na etilini oksaidi kwa sehemu kubwa duniani inatengenezwa kutoka kwenye etilini ya mafuta ya petroli na gesi. Mteja wako kwenye hili amepatia, na "ya mimea" ya sapulaya ni asilimia 6 hivi. Linganisha na polisobeti 60, ambayo ina vipande 20 tu, hapo etilini oksaidi ni kama theluthi mbili ya uzito. (Na kwa wale wanaosoma lebo: namba kwenye PEG-100 ni wastani wa idadi ya vipande, lakini namba kwenye polisobeti 20, 40, 60, 80 ni aina ya mkia wa mafuta, zote nne zina vipande karibu 20. Nimeona watu wanasema polisobeti 80 ni "kali mara nne" ya 20, hapana, hiyo haipo.)

Ila usisahau unaitumia kiasi gani. Kama unaweka asilimia 4 ya mchanganyiko, PEG yenyewe ni kama gramu 2 kwenye gramu 100 za losheni. Sisemi ni kidogo kwahiyo haijalishi, nasema ukitaka kupunguza petroli kwenye bidhaa yako angalia pia gramu 10 au 15 za mafuta, kama humo kuna parafini ya maji au vaselini basi unamkimbiza panya huku tembo amekaa sebuleni.

Sasa kansa, na hapa naomba usome taratibu. Etilini oksaidi yenyewe ni gesi hatari kweli, shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, IARC, limeiweka kundi la 1, yani inasababisha kansa kwa binadamu. Lakini ndani ya emalsifaya imeshajifunga kwenye mnyororo, haipo tena kama gesi. Hatari yake kubwa ni kwa wanaoitengeneza na wanaoishi karibu na kiwanda. Novemba 2018 gesi hiyo ilivuja kwenye kiwanda cha Croda huko Delaware, Marekani, ikabidi daraja kubwa la Delaware Memorial lifungwe kwa masaa. Kwahiyo mtu akiniuliza PEG inamdhuru nani, jibu langu la kwanza huwa linaanza na mfanyakazi wa kiwandani kabla ya anayepaka losheni, na huo ni upande wa uendelevu ambao hauzungumzwi kabisa, watu wanahesabu kaboni na kobe tu.

Kinachoweza kufika kwenye chupa ni kitu kingine kinaitwa 1,4-dioksani, kinajitengeneza pembeni wakati etilini oksaidi inaunganishwa. Hicho IARC wamekiweka kundi la 2B, yani huenda kinasababisha kansa. Mtengenezaji makini anakiondoa kwa kuvuta chini ya vakyumu, ni hatua inayojulikana miaka mingi, mvivu anairuka. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya mwaka 2015 ilisema kiasi cha hadi 10 ppm kwenye kipodozi ni salama kwa mtumiaji, na jimbo la New York limeweka kikomo hicho hicho cha 10 ppm kwa vipodozi tangu mwisho wa 2022. 10 ppm maana yake miligramu 10 kwenye kilo nzima. Sasa kama PEG yako ina 10 ppm na unaiweka asilimia 2, kwenye losheni inabaki 0.2 ppm. Shida ni kwamba wewe hujui PEG yako ina ngapi, si ndio? Omba cheti cha uchambuzi cha bechi uliyonunua, sio karatasi ya matangazo, na kiwe na mstari wa dioksani na mstari wa mabaki ya etilini oksaidi. Sapulaya akianza kuzunguka zunguka hilo nalo ni jibu.

Kuna na hadithi ya figo, mteja wako hajaitaja ila atakuja nayo. Inatokana na wagonjwa walioungua sehemu kubwa ya mwili wakapakwa dawa ambayo karibu yote ilikuwa PEG za molekuli ndogo, moja kwa moja kwenye nyama isiyo na ngozi. Ni tukio la kweli, lakini halihusiani na asilimia 2 ya molekuli kubwa juu ya ngozi nzima. Tahadhari ninayoichukua mimi ni rahisi tu, losheni ya kawaida haipakwi kwenye kidonda wala kwenye ngozi iliyoungua, iwe na PEG au isiwe nayo.

Tuje mtoni. Losheni unayopaka inaoshwa, inaingia kwenye maji machafu, na swali ni bakteria wanaiweza au hawaiwezi. Kuna vipimo vya kimataifa vya OECD namba 301 ambavyo kitu kinapewa siku 28, na kikifikia asilimia 60 ya kuvunjwa kabisa kuwa kaboni dioksidi (ukipima oksijeni iliyotumika ni asilimia hiyo hiyo) ndo kinaitwa kinachooza kirahisi. Mkia wa stiareti unang'olewa haraka, bakteria wanaupenda. Mnyororo wa PEG nao wanaukata, lakini kadiri unavyokuwa mrefu ndivyo unavyochukua muda zaidi, na 100 ni mrefu. Kwahiyo "haiozi" sio kweli, "inaoza taratibu kuliko za mnyororo mfupi na taratibu kuliko zilizotengenezwa kwa sukari" ndo kweli. Na kwasababu inayeyuka kwenye maji haijilimbikizi kwenye mafuta ya samaki.

Nadhani najua sifa mbaya imetoka wapi. Kuna ndugu zake wa kiwandani, etoksileti (yani vitu vilivyounganishwa na etilini oksaidi) za nonilifenoli, zikianza kuoza zinaacha nonilifenoli ambayo inavuruga homoni za samaki na inakaa muda mrefu kwenye tope. Ulaya walizibana kwa sheria ya 2003 iliyoanza kufanya kazi Januari 2005, vipodozi vikiwemo. Ni familia moja ya utengenezaji, mkia tofauti kabisa. Kumhukumu PEG-100 stiareti kwa makosa ya nonilifenoli sio haki, ingawa naelewa mtu akisikia "etoksileti" anavyoziweka zote kapu moja.

Na kinachonikera, samahani, ni zile bidhaa zinazojitangaza "haina PEG" alafu ukigeuza chupa unakuta emalsifaya ni polima ya akrileti, ile inayowekwa asilimia 0.1 hadi 0.4 na losheni inakaa kama jeli nyepesi. Hiyo ni ya petroli mwanzo mwisho na bakteria hawaigusi. Au unakuta emalsifaya ya silikoni. Inafanya kazi vizuri sana, kiasi ni kidogo, siikatai kiufundi, lakini kuiuza kama ndugu wa majani ni usanii.

Nta ya nyuki sasa. Nta peke yake sio emalsifaya, hili naomba likae kichwani. Ile krimu ya zamani inayohusishwa na tabibu Galen wa karne ya 2 ilikuwa nta, mafuta na maji, na ilikuwa inaachana. Iliyokuja kutulia ni ya baadae, walipoongeza boraksi, ambayo inageuza asidi za kwenye nta kuwa sabuni, na hiyo sabuni ndo emalsifaya. Yani na hapo kuna mmenyuko wa kemikali, tena na boraksi, ambayo Ulaya wameshaipiga marufuku kwenye vipodozi kwasababu ya athari za uzazi. Kumshauri mtu aache PEG-100 kwa ajili ya usalama alafu aende kwenye boraksi, hapana. Watu wanaochanganya nta na maji bila boraksi wanaona imekaa siku mbili tatu wanafurahi, kumbe nta imeganda tu imekamata matone ya maji, likija joto linaachia, na yale maji ndo nyumba ya ukungu. Kama kweli unataka kuikwepa emalsifaya, tengeneza zeri isiyo na maji, mafuta na nta tupu, haihitaji mpatanishi. Ila hiyo ni bidhaa nyingine, sio losheni.

Lesithini ni emalsifaya ya kweli na inatoka kwenye mmea, lakini ina rangi, ina harufu, inachacha, na bakteria wanaila kwa raha. Iliyotulia zaidi ni ile iliyopitishwa haidrojeni, ambayo nayo ni kazi ya kiwandani. Na hii ndo hoja yangu kubwa kwako: mbadala karibu wote wa PEG wanaofanya kazi vizuri kwenye losheni ni wa kutengenezwa. Setearili glukosidi hakuna mti unaoizaa, ni glukosi imeunganishwa na alkoholi ya mafuta. Esta za poligliseroli ni gliserini imeunganishwa na gliserini alafu na asidi ya mafuta. Ukiuliza "ni ya asili au ya kutengenezwa" utazunguka milele. Uliza imetokana na nini, imetengenezwa kwa njia gani, inaishia wapi, na je inaishikilia losheni mpaka imalizwe kutumika.

Kwa maswali hayo, glukosidi na poligliseroli zinaishinda PEG-100 kwenye mengi. Malighafi yake inaota tena, hazihitaji etilini oksaidi kwahiyo dioksani haipo kwenye stori, na zinaoza kirahisi. Ndo maana COSMOS, kiwango cha vipodozi vya asili na vya kilimo hai, kinazikubali na hakikubali chochote kilichoetoksiletiwa. Lakini kuna deni limehamia upande mwingine. Zile alkoholi za mafuta, asidi ya steariki na gliserini, sehemu kubwa inatoka kwenye mawese na mise, na unapoondoa PEG unazitumia zaidi, sio pungufu. Indonesia na Malaysia ndo wazalishaji wakuu na ukataji wa misitu kule unajulikana. Usikimbilie kusema basi tutumie nazi, maana mchikichi unatoa tani 3 hadi 4 za mafuta kwa hekta na nazi inatoa chini ya tani moja, ukihama utahitaji ardhi kubwa zaidi kwa mafuta yale yale. Cha kufanya ni kuuliza kama ina cheti cha RSPO, chombo cha mawese endelevu kilichoanzishwa 2004, na kama ni "mizania ya masi" (mass balance) ujue mafuta yenye cheti na yasiyo na cheti yamechanganywa njiani na kinachofuatiliwa ni hesabu. Ni bora kuliko hakuna, ila usimwambie mteja kwamba kila tone limetoka shamba safi.

Njia nyingine ambayo viwanda vimeichukua ni kutengeneza etilini oksaidi kutoka kwenye ethanoli ya mazao, hicho kiwanda cha Delaware kilijengwa kwa kazi hiyo. Molekuli inayotoka ni ile ile, huwezi kuitofautisha isipokuwa kwa kupima kaboni-14. Inatatua petroli. Haitatui dioksani, haitatui mnyororo mrefu, na gesi ni ile ile kwa mfanyakazi. Mimi naihesabu ni nusu hatua.

Kwahiyo ufanyeje. Ingekuwa unaanza fomula leo ningekwambia anza na setearili glukosidi pamoja na alkoholi ya setearili, usianze na PEG-100. Lakini una fomula inayokaa, na losheni iliyokaa ina thamani ya kimazingira watu wanaisahau: chupa moja ikiachana na kutupwa umetupa gramu 100 za kila kitu, plastiki, mafuta, umeme wa kupasha, usafiri, ili kuokoa gramu 2 za PEG. Maliza stoki yako huku unajaribu mpya pembeni. Jaribio lenyewe usilifupishe, weka sampuli kwenye joto la digrii 40 miezi mitatu, nyingine igandishe na kuyeyusha mara kadhaa, nyingine joto la kawaida, angalia maji chini, mafuta juu, harufu, pH. Glukosidi zinaweza kuacha weupe ngozini unapopaka, mara nyingi mafuta kidogo ya esta yanasaidia. Ukichagua zile za chaji hasi kama gliserili stiareti sitreti ujue chumvi nyingi na pH ya chini sana zinaziangusha, sio kama hii ya kwako inayovumilia.

Kitu ambacho wengi wanakisahau wakibadilisha emalsifaya ni kihifadhi. PEG na polisobeti zinameza sehemu ya parabeni (aina ya kihifadhi) ndani ya misela, yani vijikundi vya molekuli zao, kwahiyo kiasi kilichobaki kwenye maji kupambana na bakteria kinakuwa pungufu. Ukibadilisha emalsifaya mahesabu hayo nayo yanabadilika, juu au chini, huwezi kukisia. Pima upya, na usiruhusu mtu akwambie emalsifaya ya asili haihitaji kihifadhi, penye maji panahitaji.

Wakati bado unatumia hiyo PEG, funga ndoo vizuri na iweke pasipo joto wala jua. Mnyororo wa PEG ukikaa na hewa unaoksidika taratibu, unatoa peroksidi na formaldehaidi kidogo kidogo, na ngozi zenye mzio zinaweza kulalamika. Ndoo iliyofunguliwa muda mrefu na imeanza kutoa harufu ya ajabu usiitumie kwa ajili ya kubana matumizi.

Na upashaji wako: kama unapasha maji yote na mafuta yote mpaka digrii 75, jaribu kupasha mafuta yote na sehemu tu ya maji, tengeneza krimu nzito, alafu ongeza maji yaliyobaki yakiwa ya baridi, ila yawe yameshasafishwa na kuuliwa vijidudu kabla. Sio kila fomula inakubali lakini ikikubali umeokoa nishati na muda wa kupoza, nadhani faida yake ni kubwa kuliko ugomvi wote wa PEG.

Huyo mteja mrudishie hela yake, mwambie petroli ni kweli na unafanyia kazi, kansa unasubiri cheti cha dioksani kutoka kwa sapulaya na utamwonyesha. Usimwandikie kwenye lebo mpya "haina kemikali", hata maji ni kemikali. Alafu nitumie orodha ya mafuta yako na asilimia zake, kama kuna siagi ya shea au mafuta mazito humo HLB inayotakiwa na mafuta hayo inaweza isiwe hiyo 11, nikuhesabie kabla hujanunua glukosidi ya bure.